Chupa Moja Iliyogoma Kufunguka

Ukija nyumbani kwetu leo, ukaingia chumba cha uani na kuinua macho, utaona kitu cha bati kimejichomeka kwenye dari.

Wageni huuliza kama ni taa iliyokufa.

Si taa. Ni kifuniko cha chupa ya sosi. Kilifika pale chenyewe, bila ngazi, baada ya kupita juu ya mgongo wa mpishi mkuu wa hoteli.

Sogeeni niwasimulie. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na mwenye kubisha aje aangalie dari.

Nianze na mama mkwe wangu, maana bila yeye ningekuwa sina la kusimulia.

Mtaani wanamwita Bi Kaza.

Si kwa ukali, hapana. Ni kwa sababu yule mama hawezi kupita mbele ya kitu kilicholegea akakiacha. Bomba, anakaza. Mtungi wa gesi, anakaza. Kifuniko cha dumu la mafuta anakikaza mpaka dumu linalia. Siku ya harusi yetu alinikaza mkanda wa gauni, nikala nikiwa nimesimama.

Ukitaka sukari kwenye nyumba ile, unaanza kwa kutafuta mwanamume mwenye nguvu.

Na ukimwona, ni mama mdogo tu, mwembamba, anatembea polepole. Lakini akikupa mkono wa salamu, vidole vyako utavikumbuka siku nzima.

Mimi vifuniko havikuniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba tangu niolewe hakuwahi kuniita mwanangu. Aliniita "wewe," au "mke wa mwanangu," kama vile nimeazimwa na nitarudishwa. Hakunitukana, hakuninyima chakula. Alinitazama tu, akakunja midomo, akaenda kukaza kitu.

Nilijaribu kila njia. Nikafua, nikapika, nikacheka na vichekesho vyake ambavyo hata havikuwa vichekesho. Wapi!

Sasa, mtu wa pili ni wifi yangu, mdogo wake mume wangu.

Wifi kazi yake ni kubandika watu kucha. Na yeye mwenyewe ndiye tangazo lake. Kucha ndefu, za rangi rangi, zenye vimeta, anashika kikombe kwa viganja viwili kama anamnywesha mtoto. Akitaka kuwasha taa anagonga swichi kwa kiwiko.

Mimi na wifi tulikuwa tunataka kitu kimoja: chumba cha uani.

Kilikuwa stoo tu, kimejaa viti vilivyovunjika. Lakini kina dirisha kubwa, kina maji na kina mlango wake wa nje. Wifi alitaka kukifanya saluni ya kucha. Mimi nilitaka kupikia sosi yangu ya nyanya na pilipili, maana majirani walishaanza kuigombania na jiko la ndani lilikuwa halinitoshi.

Mama mkwe akatukalisha sote wawili.

"Sitaki kelele," akasema. "Atakayeniletea mteja wa kueleweka kwanza, chumba ni chake. Atakayekosa asinune."

Wifi akaniangalia juu mpaka chini. Mimi nikamrudishia.

Bahati ikaanguka upande wangu. Jirani yetu alifanya sherehe, na mmoja wa wageni wake alikuwa mpishi mkuu wa hoteli. Akaonja sosi yangu. Akaonja tena. Akauliza nani amepika, nikaonyeshwa mimi, nimesimama pale na sinia mkononi.

"Ninaweza kuichukua kwa hoteli nzima," akaniambia. "Lakini mimi sinunui kitu nisichoona kinatoka wapi. Nitakuja asubuhi, unichemshie chupa zako mbele ya macho yangu. Nikiona uchafu, naondoka na hutaniona tena."

Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini.

Mama mkwe nilipomwambia, akakunja midomo. "Haya," akasema. "Tutaona." Akaniruhusu kutumia kile chumba kwa siku hiyo moja. Wifi akasonya, akaingia chumbani kwake, akabamiza mlango.

Hapa niwaeleze kidogo kuhusu chupa, vumilieni, mbele mtaona kwa nini.

Sosi ikishaiva, unaitia kwenye chupa safi za kioo, hizi za mdomo mpana. Hujazi mpaka juu. Unaacha nafasi ya upana wa kidole. Halafu kifuniko unakizungusha kidogo tu, unakiacha kimelegea. Chupa unazisimamisha ndani ya sufuria kubwa ya maji, chini umetandika kitambaa zisigongane, unachemsha. Ukishazitoa, zingali za moto, ndipo unakaza.

Nilifundishwa haya na shangazi yangu, mdogo wake baba, na alinifundisha kwa vibao vya mkono.

"Usikaze! Nimesema usikaze! Iache ipumue!"

Mpaka leo nikishika kifuniko, mkono unajikunja wenyewe ukikumbuka.

Basi asubuhi ya mgeni ikafika.

Sosi nilishaipika tangu jana yake, imepoa vizuri. Nikajaza chupa, nikaacha nafasi zangu, nikalegeza vifuniko vyangu. Nikazipanga kwenye sufuria kubwa, nikatia maji, nikafunika. Sosi iliyobaki nikaiweka kwenye bakuli juu ya meza, ili mgeni apate ya kuonja. Viti vibovu nilishavitoa, jiko la gesi, meza na kabati nimeviingiza, chumba kinang'aa. Nikaenda kuoga huku naimba.

Niliporudi, mambo mawili yalikuwa si ya kawaida.

La kwanza, bakuli. Tupu! Limeoshwa na kuinamishwa juu ya meza, kama halikuwahi kuona sosi maishani mwake.

Nikasema moyoni, wifi huyu. Amekula sosi ya mgeni ili nikose cha kumuonjesha.

La pili lilinitisha zaidi. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa uani, na aliponiona akatabasamu.

Alitabasamu, jamani. Kwangu mimi!

Nikajikwaa kwenye kizingiti.

Sikupata muda wa kuuliza kitu, kwa sababu kengele ya geti ililia hapo hapo. Mgeni amewahi. Nikakimbia, nikawasha gesi chini ya sufuria bila hata kufunua, nikajipangusa jasho, mume wangu akaenda kufungua.

Mpishi mkuu akaingia. Mtu mrefu, tumbo la heshima, ndevu zimechanwa vizuri, viatu vinang'aa kuliko vyombo vyangu. Hakusalimia kwanza. Alinusa.

"Vitunguu vimehifadhiwa wapi?" akauliza.

"Pale, shefu."

Akaenda akanusa vitunguu. Akapitisha kidole juu ya rafu, akakitazama. Akakunjua kitambaa cha vyombo, akakinusa. Mume wangu akajificha nyuma ya mlango, maana aliogopa yeye ndiye anayefuata kunuswa.

"Hmm," mpishi akasema. Ile "hmm" ya mtu anayetafuta kosa na bado hajalipata. Alizunguka hivyo mpaka nusu saa ikapita.

"Nionyeshe chupa."

Nikafunua sufuria. Mvuke ukanipiga usoni. Ndani maji yameanza kutokota, na chupa zimesimama wima, nyekundu mpaka juu kabisa.

Mpaka juu kabisa? Mbona nilikuwa nimeacha nafasi?

Nikajipa jibu mwenyewe kwamba moto umeipandisha sosi. Mgeni yuko begani kwangu, utaanza kupima chupa? Nikafunika, nikatabasamu, nikaanza kueleza kwa madaha.

"Zikishachemka, shefu, tunakaza kwa mkono, zinajifunga zenyewe, hakuna hewa inayoingia."

"Na mende?" akauliza.

"Hakuna mende, shefu."

"Kila mtu husema hivyo."

Akapiga magoti, akainamisha kichwa chini ya meza kutafuta mende. Mimi nikaenda kabatini kumchukulia kijiko.

Ule ubishi wake ndio uliomwokoa, na kijiko ndicho kilichoniokoa mimi.

Kwanza ilikuja sauti ndogo. Ki... ki... ki... Kama mtu anakunja kidole mpaka kinalia.

Kisha, PWAA!

Mfuniko wa sufuria uliruka kando. Kitu kikapita chumbani kwa mluzi, kikagonga dari, kikabaki huko huko. Kabla sijajua kama nimekufa au niko hai, ya pili ikaitika, PWAA! Vioo vikalia ndani ya maji. Ya tatu ikamwaga sosi ukutani kuanzia dirishani mpaka kwenye swichi.

"Mama yangu!" mpishi akapiga kelele chini ya meza.

Akajaribu kusimama, akasahau yuko chini ya meza, akaibeba meza kwa mgongo. Meza ikaanguka huku, yeye akatokea kule, sosi kwenye ndevu, sosi kwenye nyusi, mbio! Nje ya mlango, nje ya geti, akakata kona. Mtu na heshima yake yote, na kiatu kimoja tu mguuni.

Kingine kilibaki mlangoni, kimelala ubavu.

Mimi nimeganda na kijiko changu. Mume wangu nyuma ya mlango anaita jina langu, ila hatoki. Sufuria bado inatokota na chupa nyingine zimo humo humo.

Aliyeingia ni wifi. Kichwani amejifunika beseni la kufulia, anatembea amechuchumaa kama bata, akafika kwenye jiko, akasukuma swichi ya gesi kwa kiwiko. Moto ukazima.

Tone la sosi likaanguka kutoka darini.

Sasa, mtu mwenye akili zake angesema asante. Mimi nilisema nini?

"Ni wewe!"

Wifi akainua beseni. "Nini?"

"Umezikaza! Nilipokwenda kuoga umeingia humu ukazikaza, na sosi ya bakuli umekula! Ulijua zitapasuka, ndiyo maana ulikuwa na beseni tayari!"

"Nilikuwa naanua nguo! Nimesikia mlipuko nikiwa na beseni mkononi!"

"Huna haya! Ungeweza kumuua mtu kwa ajili ya chumba!"

"Kaka, unamsikia mke wako?"

Mume wangu akatoka nyuma ya mlango, akafungua mdomo, akaufunga. Maskini, dada yake kulia, mkewe kushoto. Alichagua kuangalia kile kiatu.

Mlangoni mama mkwe amesimama. Lile tabasamu limekwisha, uso umekuwa mdogo. Akatazama ukuta, akatazama dari, akanitazama mimi. Midomo ikatetemeka kama anataka kusema kitu. Kisha akageuka, akaingia chumbani kwake, akafunga.

Nikajua nimekwisha. Chumba kimekwenda, mteja amekwenda, na mama mkwe ndiyo basi tena, hata "wewe" sitaipata.

Nililia huku nafuta ukuta. Na nyumba nzima ikinuka pilipili, hata asiyekuwa na la kulilia alikuwa analia.

Nilipoifikia ile sufuria, nikaanza kutoa vipande vya vioo kimoja kimoja kwa koleo. Chupa nyingine zote zilishapasukia humo humo ndani ya maji, lakini chini kabisa, pembeni, nikakuta moja. Nzima! Haina hata ufa. Sijui ilisalimikaje, labda moto ulizimwa kabla zamu yake haijafika.

Mume wangu akapata wazo, na huwa hapati mengi.

"Kiatu cha mtu lazima kirudi," akasema. "Tumpelekee kiatu, tumwombe radhi, na tumpe hiyo chupa. Angalau aonje alichokuja kununua."

"Na kama imeharibika?"

"Si tufungue tuonje sisi kwanza?"

Tukaiacha ipoe kabisa. Kisha akaishika, akaizungusha.

Haikusogea.

Akavua shati. Akaibana kati ya magoti, mishipa ya shingo ikasimama, akaguna mpaka jirani akauliza kuna mgonjwa. Haikusogea.

Wakati huo huo wifi akatokea chumbani kwake na begi. Macho mekundu. Anahamia kwa rafiki yake, na amesema harudi mpaka mimi niondoke.

Nikamwona, hasira ikanipanda upya. Nikamsukumia ile chupa kifuani.

"Umeikaza mwenyewe. Basi ifungue!"

Wifi akaweka begi chini. Akaishika chupa kwa viganja, akakunja vidole juu ya kifuniko, akazungusha.

TAK!

Ukucha mmoja ukaruka, ukagonga kioo cha dirisha.

Akautazama ukucha ulivyolala pale sakafuni, halafu akanitazama mimi. "Wifi," akasema taratibu, sauti imekauka. "Mimi hata soda hufunguliwa na watoto wa jirani. Ningekaza vipi chupa zote zile?"

Hapo ndipo nilipozitazama zile kucha zake.

Kweli. Angekaza na nini?

Na lile bakuli. Lilikuwa limeoshwa. Wifi hajaosha chombo tangu abandike kucha, ni ugomvi wa kila siku nyumbani kwetu. Mwizi wa sosi gani anakula halafu anaosha bakuli na kuliinamisha likauke?

Fundi wa magari aliyeko jirani yetu alisikia purukushani, akaja anafuta mikono ya grisi. Huyu hufungua nati za matairi ya malori.

"Leteni," akasema kwa dharau.

Akazungusha. Akacheka kidogo. Akazungusha tena. Akaacha kucheka.

"Hii imefungwa na mashine," akasema, anapuliza kiganja chake. "Mtu hawezi kukaza hivi."

Mimi na mume wangu tukatazamana. Wifi akatutazama sisi. Nadhani sote watatu tulifika mahali pamoja kwa wakati mmoja, ila hakuna aliyethubutu kutamka.

Mlango wa mama mkwe ukafunguka.

Akaja polepole, kama kawaida yake. Akanyoosha mkono, fundi akampa chupa bila kuulizwa. Akaifuta kwa upindo wa nguo yake. Akazungusha.

Pop.

Kama anafungua mlango wa chumba chake mwenyewe.

Harufu ya nyanya na pilipili ikatoka pale, tamu, haina kasoro.

"Nilipita asubuhi," mama mkwe akasema, anaangalia chupa na si sisi. "Nikafunua sufuria nione. Nikakuta vifuniko vimelegea, vyote. Na chupa hazijajaa. Nikasema, huyu binti ana haraka, amesahau. Mgeni atakuja aone chupa nusunusu, vifuniko vinacheza, atamdharau. Basi nikachukua ile sosi ya bakulini, nikajaza mpaka juu. Nikakaza."

"Mama..." mume wangu akaanza.

"Niache nimalize." Akaifunika chupa kwa kiganja. "Mimi nilipoletwa kwenye ukoo huu nilikuwa mdogo kuliko huyu. Siku ya kwanza kuandaa meza ya wageni, dumu la mafuta lilianguka. Sikuwa nimelikaza. Mafuta yakaenda mpaka kwenye miguu ya wakubwa. Mama yake baba yenu alinisema mbele ya watu wote, na aliendelea kunisema mpaka siku alipofariki. Niliapa kwamba aibu ile haitampata mke wa mwanangu ndani ya nyumba yangu."

Akaniangalia, machozi yamejaa.

"Kumbe nimekuletea kubwa zaidi, mwanangu."

Jamani.

Nilishazoea kulisubiri hilo neno mpaka nikaacha kulisubiri. Nikalipata nimesimama katikati ya vioo, sosi kwenye nywele, siku mbaya kuliko zote nilizoishi pale. Nililia kama mtoto, naye akalia, na fundi wa magari akakumbuka kuna gari la mtu limebaki juu ya jeki.

Nilipotulia nikamshika mikono.

"Mama, sikusahau. Huwa navilegeza makusudi. Kitu cha majimaji kikipata moto kinatanuka. Na ile hewa na mvuke vinataka pa kutokea. Ndiyo maana nilibakiza nafasi, ndiyo maana nililegeza. Ukijaza mpaka juu, ukakaza, ukawasha moto, kitakwenda wapi? Kinasukuma mpaka kioo kinashindwa."

Akafikiri. "Sasa mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Mama."

"Ningeulizaje?" akasema. "Mimi na wewe huwa tunaongea?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Kisha nikamgeukia wifi. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote, maana alikuwa amesimama na begi lake na vidole vyake, kimoja kimebaki uchi. Yeye ndiye aliyeingia kwenye mvua ya vioo na beseni kichwani wakati kaka yake yuko nyuma ya mlango, na mimi nikamlipa kwa matusi. Nikamwomba radhi mbele ya mama yake na mbele ya kaka yake, sikupunguza neno.

Aliniacha niongee mpaka mwisho, kisha akainua kile kidole.

"Huu ukucha utaubandika wewe," akasema. "Kwa mikono yako. Na ukikaa upande, unarudia."

Nikaubandika. Ulikaa upande. Nikarudia.

Mchana wake mimi na mume wangu tukaenda hotelini, mlango wa nyuma wa jikoni, nimebeba kiatu kwenye mfuko mmoja na chupa kwenye mwingine. Mpishi mkuu alitoka amevaa ndala. Ndevu ameshazichana.

"Mmekuja kumalizia?" akauliza.

Nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Hakucheka. Akavaa kiatu, akakanyaga chini mara mbili kukijaribu.

"Nikwambie ukweli?" akasema. "Nilipokuwa nakimbia, sosi ilikuwa inanitiririka kwenye ndevu, nikalamba. Nilipofika kwenye kona nikapunguza mbio."

Mume wangu akakohoa kuficha kicheko.

"Nilisimama pale kwenye kona nikifikiria kurudi," mpishi akaendelea. "Lakini mtu wa umri wangu anarudije na kiatu kimoja? Lete hiyo chupa. Na sikuona mende, hilo nalisema pia."

Hivyo ndivyo nilivyopata hoteli.

Chumba cha uani kikawa changu. Wifi naye mama alimpa baraza ya mbele, inayotazama barabara, ambayo kwa saluni ni bora mara kumi, na anajua, ila hakubali kusema. Kifuniko cha darini mume wangu alitaka kukichomoa, nikamkataza.

Na kazi zetu tumegawana. Mimi napika, najaza, naacha nafasi yangu, nalegeza. Mama mkwe anakaa pale kwenye kiti chake karibu na jiko, mikono imekunjwa, anazitazama chupa zilizolegea zikichemka, na unaona kabisa anavyoteseka. Anajishika mkono kwa mkono. Wakati mwingine ananiambia, "Mwanangu, bado tu?" Namwambia, "Bado, Mama. Iache ipumue." Tukisubiri tunaongea. Ndiko tunakoongea siku hizi, yote, hata yale ya miaka iliyopita.

Chupa zikitoka kwenye maji, hapo ni zamu yake. Anazifunika kitambaa, anakaza moja moja, na uso unamng'aa.

Nilidhani huo ndio mwisho wa kisa. Wiki ya kwanza ya kupeleka mzigo, simu ikalia. Mpishi mkuu.

"Sosi ni nzuri sana," akasema. "Hakuna anayelalamikia sosi."

"Ahsante, shefu. Kuna tatizo?"

"Nina wapishi jikoni, nina wabeba mizigo, nina mlinzi aliyewahi kuwa mnyanyua vyuma. Wote wameshindwa." Akashusha pumzi. "Huyo anayezifunga, mlete. Aje kuzifungua."

Kwa hiyo sasa mzigo ukienda hotelini, Bi Kaza anakaa mbele kwenye gari, amevaa nguo yake nzuri, na wapishi wanampigia makofi akiingia.

Msikose la kuondoka nalo. Ukichemsha kitu, kiachie nafasi, na kifuniko usikikaze mpaka moto uzime. Na kama ndani ya nyumba yako kuna mtu hamuongei, mfuate leo umuulize, kabla hujamlaumu mwenye kucha.